Barua kwa mwanangu: achia ukingo wa beseni

Bagamoyo, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba, ila sauti haikuwa yako. Uliponiambia, "Mama, tangu Jumatano sijapata usingizi, moyo unaenda mbio kama nimekimbizwa," nilikujibu harakaharaka, "Mwachie Mungu," na salio likaisha hapo hapo. Jibu lile limenikaa kooni. Ni kama kumwambia mwenye njaa kwamba atashiba, kisha nikafunga mlango. Ndiyo maana nimekaa barazani na kalamu.

Najua yanayokukosesha usingizi. Mshahara wa miezi miwili shule haijakulipa, mkataba unaisha Desemba, mwenye nyumba anadai kodi, na mdogo wako anakutazama wewe kwa ada. Hayo ni mambo ya kweli, na sidhani Mungu anataka uyaite madogo.

Unalikumbuka lile beseni langu la bluu? Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa natoka kukaanga samaki pale sokoni ufukweni, beseni kichwani juu ya kata ya khanga, nawe unanikimbilia njiani: "Shikamoo mama, nikupokee." Nakutwika, lakini mkono wangu unabaki umeshika ukingo, nisije nikaona samaki mchangani. Tunakwenda hivyo, mimi nimepinda mgongo, wewe umepinda shingo, mafuta yanatuchuruzikia wote wawili. Siku moja ukasimama katikati ya njia, machozi yanakulengalenga: "Mama, kama umenipa, si uachie!"

Miaka mingi baadaye, kwenye jumuiya, tulisoma waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tano: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Niliposikia "mkimtwika" nilikuona wewe na lile beseni. Maana mimi ndivyo ninavyosali. Asubuhi namtwika Bwana ada na presha yangu na mashua ya baba yako, na kabla jua halijawa kali nimeshaanza kuhesabu upya, vidole vimeng'ang'ania ukingo.

Na mwaka ule ule wa beseni, mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, baba yako alitoka na wenzake wawili usiku, warudi alfajiri. Alfajiri ikapita, na adhuhuri, na usiku mwingine. Wewe nilikulaza kwa jirani yetu, yule bibi aliyekufundisha kusuka ukili, ukadhani umekwenda kutembea. Mimi nilikaa mchangani, rozari mkononi, na nakwambia kweli, sala haikutoka. Nilikuwa nahesabu tu: nyavu tumenunua kwa mkopo wa kikundi, shilingi laki sita, mimi mjane, wewe mtoto. Jirani akaja na kikombe cha uji. Yeye ni Mwislamu, hakunihubiria lolote. Aliniuliza, "Umekula?" akakaa nami hadi kikombe kikaisha. Baadaye, kwenye Biblia, nilikutana na nabii Eliya amelala chini ya mti jangwani, amechoka hata anaomba kufa, na malaika anamgusa: "Inuka, ule." Kwanza mkate, maji, usingizi, maneno mengine yakafuata baadaye. Kwa hiyo nakuuliza na wewe, mwanangu: umekula?

Baba yako alirudi kesho yake alasiri, mashua inavutwa na wenzao. Nyavu zilikuwa zimekwenda. Deni tulilipa miezi minane, na hakuna aliyetuokotea hata shilingi mia. Sikwambii kwamba ukimtumaini Mungu mambo yatanyooka. Uliyaona mwenyewe yale makaburi ya wamisionari pale Misheni, nilikokupeleka siku ya kipaimara chako. Walifika hapa mwaka 1868. Mwaka 1872 kimbunga kikawavunjia majengo, wakajenga tena. Wengi wao homa iliwachukua wangali vijana. Imani haikuwakinga na homa, na nisingependa mtu akudanganye kwamba ingewakinga. Ila hawakuwa peke yao, na mimi pale mchangani sikuwa peke yangu, ingawa nilikuja kulijua hilo siku nyingi baadaye.

Sasa mambo ya kufanya. Andika barua ya kudai mshahara wako, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Wakikaa kimya, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Nenda mapema, kwa sababu malalamiko yana siku zake za kupokelewa. Kudai haki yako si kumkosea Mungu imani. Na usingizi usiporudi wiki hii, nenda hospitali umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, mapigo ya moyo na yote. Akija mtu wa kukwambia kwamba wasiwasi ni dalili ya imani haba, mwambie Bwana wetu mwenyewe alitoka jasho Gethsemane, akawaomba rafiki zake wakeshe naye.

Usiku, mawazo yakianza, usitafute sala ndefu. Litaje jambo moja kwa jina lake, kodi, au mkataba, useme, "Bwana, nipokee." Likirudi baada ya dakika tano, mtwike tena. Mimi kuna siku namtwika jambo lile lile mara ishirini, na sijawahi kuona amechoka kunipokea.

Kifurushi cha dagaa na nazi mbili nimekipakia kwenye basi la kesho asubuhi, kakichukue stendi. Jumatano saa tatu usiku nitakupigia. Salio nimeshanunua, la kutosha.

Mama yako