Mwanangu, nakutumia daftari la simu

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Cedar Rapids, Iowa. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua lakini kazini anakwenda, na wadogo zako wanakuulizia kila siku, hasa huyu kitinda mimba ambaye sasa ndiye anayelalia kitanda chako.

Nakuandikia kwa ajili ya mazungumzo yetu ya Jumapili. Nilikwambia umeshatimiza miaka 18, nenda ukajiandikishe kupiga kura. Ukasema utaangalia. Nikasisitiza, ndipo ukaniambia: "Baba, mwaka wa Korona ulipiga simu mpaka koo likakukauka, na yule seneta akashinda vilevile. Ulipata nini?" Nilinyamaza, lakini sikukasirika. Jibu lake ni refu, na simu yako ilikuwa inaishiwa chaji.

Najua wewe unakumbuka nini. Unakumbuka ile jioni ya Mei 2020 jikoni kwetu. Ulikuwa na miaka 13. Ulinitolea karatasi kwenye daftari lako la hesabu, ukaniandikia maneno ya kusema: jina langu, mji ninaokaa, namba ya posta, halafu ombi. Lile neno la kukosa kazi lilinishinda, ukaniandikia kwa herufi za kwetu, a-ne-mploi-menti, tukalirudia mara kumi huku mama yako akigeuza chapati. Nikapiga simu ofisi ya seneta wetu kule Washington. Kijana aliyepokea akasema hanielewi, nirudie. Nikarudia. Akasema bado hanielewi. Ukaninyang'anya simu, ukayasema yote kwa Kiingereza chako kizuri, kisha ukaingia chumbani ukalia.

Wewe umebaki na hilo, na mimi sikukusimulia ya kesho yake. Saa 6 usiku, wakati wa mapumziko ya zamu, nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kiwanda, barakoa shingoni, glavu za plastiki bado mkono mmoja, nikapiga tena namba ile ile. Usiku inapokea mashine. Mashine haisemi hainielewi. Nikasoma karatasi yako polepole, nikarudia namba ya posta mara mbili. Tangu usiku huo mpaka Desemba nilipiga mara 61, na kila simu nimeiandika: tarehe, nani kapokea, kasema nini.

Yule mama mwalimu mstaafu aliyetufundisha maswali ya uraia pale maktaba ndiye aliyenieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Anayepokea simu siye seneta, ni kijana wa kazi. Mbele yake kuna orodha: mtu anatoka wapi, anataka nini, anaunga mkono au anapinga. Jioni hesabu inakwenda kwa wakubwa wake. Akatuambia tusisome wote maneno yaleyale, kila mtu aseme jambo moja la nyumbani kwake na ataje mswada anaousemea.

Mama, wewe ulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ukiwa na miaka 7, unakumbuka foleni ya mgao. Mimi niliisimama miaka 17. Kuna mwezi unga unapunguzwa, mwezi mwingine maharage hayaji kabisa. Nani kaamua? Hatukujua. Karani wa mgao alikuwa akituambia na yeye kaambiwa. Mtu mzima, baba wa watoto, unarudi na ndoo nusu na huna hata jina la mtu wa kumuuliza kwa nini. Kwa hiyo siku niliyoambiwa kwamba hapa anayeamua ana jina, ana ofisi, na ana namba ya simu ambayo hata mchinja nyama anaweza kuipiga, nilitetemeka. Kwangu mimi lile lilikuwa jambo kubwa kuliko cheti cha uraia chenyewe.

Na sababu ya kupiga tulikuwa nayo. Mwezi Machi hoteli aliyokuwa akisafisha mama yako ilifunga vyumba, wote wakarudishwa nyumbani. Sheria kubwa ya kwanza ya misaada ya Korona, ile iliyotiwa saini tarehe 27 Machi, Seneti iliipitisha kwa kura 96 bila hata moja ya kupinga. Kila mtu mzima dola 1,200, kila mtoto 500. Sisi sita tulipata 4,400. Pia ikaongeza dola 600 kila wiki kwa aliyepoteza kazi. Hizo 600 ndizo zilizolipa kodi ya nyumba, na mwisho wake uliwekwa mwisho wa Julai.

Mimi sikurudishwa nyumbani. Tuliitwa wafanyakazi wa lazima. Kwenye mkanda wa kukatia nyama tulisimama bega kwa bega kama kawaida, kelele za mashine zile kiasi kwamba ukitaka kumwambia mwenzio neno unamsogelea sikioni. Plastiki za kututenganisha zilikuja baadaye. Mwishoni mwa Aprili gavana alitangaza kwamba atakayeitwa kazini akakataa kwenda hatapata posho ya kukosa kazi, na tarehe 28 Rais Trump akatoa amri viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Mwezi uliofuata akafa jirani yetu wa mlango wa tatu, yule aliyekuwa akikuletea maembe ya kopo. Kisu chake na changu vilikuwa vinanolewa kwenye jiwe moja. Alizikwa watu wanane wakiangalia, sisi wengine tukiwa kwenye magari, vioo vimefungwa, tunaimba kila mmoja ndani ya gari lake.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokwama, maana hili shuleni huenda hawakulifundisha. Tarehe 15 Mei Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada mkubwa, namba 6800, kwa kura 208 dhidi ya 199. Ndani yake zile 600 zingeendelea, na kulikuwa na fedha za kodi ya nyumba. Ukapelekwa Seneti, na kiongozi wa walio wengi, Mitch McConnell wa chama cha Republican, hakuuweka mezani. Yeye alisema hakuna msaada mpya bila kinga kwa waajiri, kwamba mfanyakazi aliyeambukizwa kazini au familia yake wasiweze kuwashitaki kirahisi. Mjane wa jirani yetu alikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu! Ulitaka nikae kimya? Iowa yenyewe ilishapitisha kinga yake mwezi Juni, kwa hiyo mlango mmoja ulikuwa umefungwa, tukabaki kuushika huo mwingine usifungwe nao.

Mmoja wa maseneta wetu, Joni Ernst, alikuwa anagombea tena mwaka ule. Mwingine, Chuck Grassley, hakuwa kwenye kura, lakini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti, na mambo ya posho ya kukosa kazi yanapita hapo. Watu wengi walitaka tumpigie yule wa kura tu. Mwalimu akasema hapana, wote wawili.

Tukaanza na kikundi cha wasapu, watu 11: Wakongo wa Fizi na Uvira, Warundi, na Wanyarwanda wawili. Waliokuwa hawajui kuandika walituma sauti. Mpaka Julai tulikuwa zaidi ya 80. Wengi hawakuwa raia bado, wakauliza kama wana haki ya kupiga simu. Wanayo, mama. Seneta anawakilisha kila anayekaa Iowa. Mama yako ndiye aliyekuwa hodari kuliko sisi sote. Tuliposimama kando ya barabara na mabango, umbali wa hatua mbili mbili, yeye aliandika lake kwa Kiswahili: KODI HAINGOJI UCHAGUZI. Mwandishi wa habari akashuka kwenye gari kumwuliza maana yake, na kwa kumweleza maana akamweleza kila kitu.

Zile 600 zikakatika mwisho wa Julai. Siku kumi na kitu baadaye, tarehe 10 Agosti, ukaja ule upepo. Siwezi kukusimulia wewe, ulikuwa chini ya meza na wadogo zako. Ninachotaka kukukumbusha ni mahema. Paa limekwenda, umeme hakuna, na sisi tuliotoka kambini tukalala tena kwenye turubai, safari hii katikati ya mji wa Marekani. Niliona mama yako akikunja nguo na kuziweka juu ya tofali zisilowe, vilevile alivyokuwa akifanya Nyarugusu, na ilibidi niende kusimama nyuma ya gari kidogo. Lakini angalia daftari, ukurasa wa Agosti. Simu 14. Tulichaji kwenye betri za magari, tukapiga kutoka kwenye mahema. Kijana mmoja wa ofisini aliniuliza sauti gani ile, nikamwambia ni upepo unapiga turubai, ni nyumbani kwangu. Akanyamaza, kisha akaniomba nimtajie tena namba ya posta.

Septemba tarehe 10 Seneti ikapigia kura mswada mdogo wa Republican: dola 300 kwa wiki, hundi kama zile za 1,200 hakuna, na kinga ya waajiri ndani yake. Zilitakiwa kura 60, zikapatikana 52. Wademokrati waliukataa kwa sababu ni mdogo na kwa sababu ya ile kinga. Na hapa nikuambie ukweli, siku ile nyumbani kwetu hatukushangilia. Mama yako alisema, "Mia tatu ni mia tatu." Nilikuwa nimeipinga kinga kwa ajili ya mjane, na nilikuwa na mke ambaye kodi ilikuwa inamkaba. Mpaka leo siwezi kukwambia nani kati yetu alikuwa sahihi usiku ule.

Watu walituambia mwaka wa uchaguzi mwanasiasa hawezi kukukatalia. Si kweli. Mwaka wa uchaguzi wanasikia haraka, hilo nimeliona. Sauti zao kwenye simu zilibadilika kuanzia Septemba. Lakini kila upande unapiga pia hesabu ya nani atalaumiwa na nani atasifiwa, na hesabu hiyo inaweza kuchukua miezi. Tarehe 26 Oktoba Seneti ilimthibitisha jaji mpya wa Mahakama ya Juu, mwezi mmoja tu tangu apendekezwe, kisha ikaenda mapumziko. Misaada ikabaki palepale. Jaji kwa mwezi mmoja, kodi ya mama yako miezi mitatu bila jibu. Nilipiga usiku ule pia. Sikuwa na adabu nzuri, nimeandika hivyo kwenye daftari.

Nikapiga kura yangu ya kwanza maishani. Congo ilipopiga kura 2006, na tena 2011, mimi nilikuwa kambini. Ernst akashinda. Ulilia wewe, mimi sikulia, nilikuwa na zamu.

Na sasa swali lako: tulipata nini? Tarehe 27 Desemba ikatiwa saini sheria nyingine. Dola 300 kwa wiki, nusu ya tulichoomba, tena imechelewa miezi mitano. Hundi ya 600 kwa kila mtu, na watoto pia. Dola bilioni 25 za kodi ya nyumba, na katika hizo yetu ya miezi minne ililipwa. Kinga ya waajiri haikuwemo. McConnell aliiacha, na maseneta wetu wote wawili walipiga kura ya ndiyo kwa sheria isiyo nayo.

Kuna kingine kidogo ambacho magazeti hayakukipa nafasi. Unamkumbuka yule Mrundi mwenye mke wa Honduras. Mwezi Machi hawakupata hata senti, wala watoto wao waliozaliwa hapa, kwa sababu mke hakuwa na namba ya usalama wa jamii, ile ya Social Security, na walijaza fomu ya kodi ya mapato pamoja. Kwenye kikundi tulikubaliana kila Alhamisi tunapiga kwa ajili yao tu. Nchi nzima kulikuwa na familia kama ile, na watu wengi walikuwa wanapigia hilohilo. Sheria ya Desemba ikarekebisha, tena ikarudi nyuma mpaka ile hundi ya kwanza. Walipoletewa hela walikuja na keki, tukaila tumesimama nje kwenye theluji maana bado tulikuwa hatuingiliani ndani.

Machi 2021 ikaja sheria kubwa kuliko ile ya Desemba, kwa kura 50 dhidi ya 49, na maseneta wa Iowa wote walisema hapana. Ilipita kwa sababu Januari watu wa jimbo la Georgia walichagua maseneta wawili wapya Wademokrati, chama chao kikaishika Seneti, na wagombea hao waliahidi hundi waziwazi. Kuanzia Julai tulipata dola 250 kila mwezi kwa kila mtoto wa umri wako. Viatu vyako vya mpira wa kikapu ni hela ile. Mwaka ule umaskini wa watoto Marekani ulishuka mpaka asilimia 5.2, chini kuliko wakati wowote tangu waanze kuupima hivyo. Malipo yakasimamishwa, na mwaka 2022 ukawa asilimia 12.4. Kufikia hapo kikundi chetu kilikuwa kimetulia, watu wamerudi kazini, mimi mwenyewe nina kurasa tupu miezi saba mfululizo. Hizo kurasa zinaniuma kuliko ile simu uliyoninyang'anya.

Basi, mama, sikusimulii kwamba tulishinda. Ernst alishinda, na nusu ya tulichokiomba hatukukipata. Lakini ile foleni ya Nyarugusu sitaisimama tena nikiwa sijui nani kaamua, na sitaki wewe uisimame hata siku moja.

Kwenye boksi mama yako ameweka mchele, dagaa wakavu na ile shuka uliyoisahau. Daftari liko chini, nimelifunga kwa mfuko wa nailoni. Karatasi yako ya a-ne-mploi-menti haimo humo. Usiitafute, iko kwenye gari juu ya usukani, kwa sababu bado naisoma kila ninapopiga.

Ukijiandikisha niambie.

Baba yako