Kabla ya kusema kijana kaonewa, fungueni faili lake

Mhariri,

Nimeisoma barua ya yule mama ambaye mwanawe ni kapteni kwenye jeshi la Marekani na amenyimwa umeja, nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilijiona mimi mwenyewe mle ndani. Mama anasema kijana kaonewa sababu ni Mwafrika, na kwamba ameshaandikia wakubwa barua tatu za malalamiko na hajapata jibu la maana. Sibishi kwamba kuonewa kupo, nimekula mshahara wa kule miaka mingi nayajua. Ila mama, kwa heshima zote, hizo barua tatu zimekwenda na maji kwa sababu zinalilia cheo. Mwambie kijana aache kwanza kulilia cheo, alilie faili lake la utumishi.

Bodi inayochagua wa kupanda cheo haimwiti mtu wala haimuulizi kitu, inasoma faili basi. Zamani ilikuwa inaona na picha yako ukiwa na gwanda zako, picha zikaondolewa mwaka 2020. Na wanachozungumza humo ni siri kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hata ukipiga hodi Pentagon hakuna atakayekwambia kwa nini jina la mwanao halikutoka. Sasa wewe unapigana na kitu usichokijua. Unachoweza kukiona ni kile kile walichokiona wao, hilo faili.

Mimi nilikuwa sajenti, sio afisa, njia zetu zinatofautiana kidogo ila ugonjwa ni ule ule. Orodha ilipotoka jina langu hamna, nikavimba wiki nzima, salamu siitikii, nimeshajiamulia kwamba ni rangi tu hakuna kingine. Afande mmoja mzee wa kikosi chetu akaniuliza swali moja, umeliona faili lako? Nikasema ndiyo. Akasema tuliprinti. Tukaliprinti, tukalitandaza kwenye meza yake karatasi kwa karatasi kwa tarehe, na ndipo nikaona maajabu. Ripoti moja ya tathmini ya miezi kumi na moja, ile nzuri kuliko zote, haimo kabisa, karani wa kikosi cha zamani hakuipeleka, pengo jeupe kama nilikuwa likizo mwaka mzima. Na mahali pake kuna barua ya onyo ambayo sijawahi kupewa maishani! Nikasoma jina, langu, yaani karibu langu, herufi moja imezidi. Yule mzee akaweka kidole kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya utambulisho, akaniuliza hizi za nani. Sio zangu. Mtu mwingine alikosea huko alikokosea, halafu mimi ndiye niliyepimwa nayo mbele ya bodi.

Nikadhani nimemaliza kazi, kumbe. Ombi langu la kwanza la kufikiriwa upya lilikataliwa, tena kwa sababu ya haki kabisa, kabla ya bodi kukaa nilikuwa nimebonyeza kwenye kompyuta pale panaposema nimehakiki faili langu na liko sawa. Nilibonyeza nikiwa nasubiri zamu, sikufungua hata ukurasa mmoja. Hili naomba vijana wetu wote walioko kule walisome vizuri maana hata kwa maafisa liko hivyo hivyo, kosa ambalo ungeligundua mapema kama ungekuwa makini unaweza kunyimwa kusikilizwa upya kwa ajili yake. Yaani uzembe wako unahesabiwa pamoja na uzembe wao.

Sasa mlango uliobaki. Kuna bodi ya kurekebisha kumbukumbu za utumishi, ipo kisheria tangu 1946, kabla ya hapo mtu alitakiwa atafute mbunge ampelekee muswada wake binafsi bungeni kwa ajili ya karatasi moja, fikiria. Wanaoamua ni raia, sio wanajeshi. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, la maji linatumia moja na Marines, la anga moja na lile la anga za juu. Unajaza fomu ya DD 149, hulipii kitu, na wakili si lazima. Muda ni miaka 3 tangu ugundue kosa, ukichelewa wanaweza kukusamehe wakiona haki inataka hivyo lakini usitegemee hiyo.

Wengi wanapofeli ni hapa. Bodi inaanza kwa kuamini kwamba jeshi liko sahihi na kumbukumbu ziko sahihi, mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Ukiandika kurasa sita za jinsi ulivyoumia na mkubwa alivyokuwa na chuki, unasomwa na unakataliwa. Mimi mara ya kwanza niliandika hivyo hivyo, yule mzee akaichana mbele yangu, akanifanya niandike upya ukurasa mmoja na nusu: karatasi hii si yangu, ushahidi namba hizi hapa, ripoti hii haimo, nakala yenye saini hii hapa, na hii ni barua ya aliyenitathmini akithibitisha, naomba hiki kitoke, kile kiingie, halafu faili lililosafishwa lirudishwe kwa wachaguzi. Basi. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu wanaisahau, wanaomba bodi iwape cheo moja kwa moja, kwa kawaida bodi hiyo haikupandishi, inasafisha faili na kulipeleka likaangaliwe upya na bodi maalumu kana kwamba ni siku ile ile ya kwanza. Na kabla ya kufika huko lazima uwe umemaliza njia za chini, kukata rufaa ya ripoti na kadhalika, la sivyo wanakurudishia.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Nilipanda, tarehe ya cheo ikarudishwa nyuma na tofauti ya mshahara nikalipwa. Namjua mwenzangu mmoja aliyefuata njia hiyo hiyo, faili likasafishwa na bado hakuchaguliwa, kwa hiyo sisemi ni dawa ya kila kitu.

Kwa mama: kijana wako amekosa mara moja, kwa kapteni kukosa mara ya pili ni hatari maana anaweza kutolewa jeshini kabisa, kwa hiyo msipoteze miezi kwa malalamiko. Aombe nakala ya lile faili lililokwenda mbele ya bodi, alisome na mtu mwingine sio peke yake, macho ya mwenyewe yanaruka. Kabla bodi ijayo haijakaa anaruhusiwa kuiandikia barua, wengi hawajui hilo. Maamuzi ya zamani ya hizi bodi za kurekebisha yamewekwa wazi yakiwa yamefutwa majina, atafute kesi inayofanana na yake aone kilichoshinda na kilichoshindwa. Na kama kweli atakuta ubaguzi humo, aulete kwa njia hiyo hiyo, ripoti fulani, tarehe fulani, sentensi fulani, shahidi huyu hapa.

Na fomu aijaze na kuisaini kijana mwenyewe, sio wewe mama, mzazi hawezi kumwombea mtu mzima aliye hai na timamu. Akikwama Mhariri ampe anwani yangu, nakala ya ukurasa wangu mmoja na nusu bado ninayo, nitamtumia.

Sajenti mstaafu
Marekani