Samaki gani? Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni nachagua vibua. Pembeni yangu binti mmoja, mimba ya miezi sita au saba kwa jicho langu, anapimiwa papa mkavu. "Mimba inataka papa, bibi," akaniambia akicheka, "na kliniki wameniambia nile samaki." Nikamuuliza, samaki gani? "Samaki tu."

Nimezalisha kwa miaka 31, na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo: samaki tu. Kwa hiyo simlaumu muuguzi wake.

Papa ana zebaki, madini yenye sumu. Sisi wa visiwani tukisikia zebaki tunawafikiria wachimbaji wa dhahabu wa Geita, wanaoikanda kwa mikono mitupu kisha wakaichoma. Lakini moshi ule hautulii Geita. Pamoja na wa makaa ya mawe yanayochomwa duniani kote, hupanda angani na kushuka baharini, na vijidudu huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, ambayo haitoki mwilini upesi. Dagaa huibeba kidogo. Jodari hula samaki wadogo maelfu, papa humla jodari, tena papa huishi miaka mingi. Kumwosha, kumchemsha au kumtia ndimu hakusaidii, maana zebaki imo ndani ya nyama yenyewe. Kumkausha ndiyo kabisa: maji hutoka, zebaki hubaki, na gramu 100 za papa mkavu hubeba zaidi kuliko gramu 100 za mbichi.

Mama anaweza asihisi chochote. Ndivyo ilivyokuwa Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Wanawake walioonekana wazima walizaa watoto walioharibika ubongo, kwa sababu methilizebaki hupita kwenye kondo. Sisemi kwamba nasi tumefika huko. Ile ilikuwa sumu ya kiwanda. Kwa kiasi kinacholiwa mezani, kinachohofiwa hakionekani kwa macho: mtoto anayechelewa kidogo kusema, kukumbuka, kushika kalamu.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi, Mheshimiwa. Tangazo likitoka vibaya, wajawazito wataacha samaki kabisa, na hasara yake itazidi ya zebaki. Wengi wao hawana kitoweo kingine, na mafuta ya samaki ndiyo yanayousaidia ubongo wa mtoto huyo huyo kukua. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Shelisheli, ambako akina mama hula samaki karibu kila siku, hawakuona madhara ya wazi. Watafiti wa Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ambako huliwa pia nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi, waliyaona. Mimi hapo nasoma kwamba kazi yetu ni kumwambia mama amle yupi, si kumtisha.

Marekani huwaambia wajawazito na wanaonyonyesha wale samaki mara 2 hadi 3 kwa wiki, ila waepuke papa, nduaro na jodari wa macho makubwa. Mtoto mdogo apewe mara 2, kipande cha kiasi chake. Kwetu ingetosha mistari miwili kwenye kadi ya kliniki. Dagaa, vibua, tasi, chuchunge: kula. Papa na nduaro: subiri mpaka umwachishe mtoto ziwa. Naomba iwekwe na michoro, kwa sababu samaki mmoja Unguja ana jina lake na Pemba ana jingine, na wauguzi wenyewe hubishana.

La pili, papa mkavu wa masoko yetu apimwe na majibu yatangazwe, hata yakiwa mazuri. Tangu 2018 Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, imeweka kiwango cha juu cha methilizebaki kwa papa, miligramu 1.6 kwa kilo, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Kipimio kipo, sisi wa sokoni tungependa kuona namba zetu.

Nikihitajika kukaa na wauguzi kupanga hayo majina ya samaki, nitakuja, nauli ni yangu.

Yule binti nilimshawishi, akachukua vibua. Papa akamnunulia mumewe.

Mkunga mstaafu,
Unguja