Chartreuse si pinki

Mwanangu kipenzi,

Juzi uliniuliza kwenye simu kama ile "chartreuse" iliyoandikwa kwenye orodha ya vitambaa vya sare ya harusi ni pinki. Mteja alikuwa amesimama ananisubiri, nikakujibu nusu. Leo cherehani imepumzika, nikueleze.

Si pinki, wala si damu ya mzee kama wengi wanavyodhani. Ni kijani kilichoingiwa na manjano. Fikiria jani changa la mgomba linapoanza kukunjuka, jua likilipiga kwa nyuma.

Jina ni la mahali. Chartreuse ni milima ya Ufaransa, karibu na mji wa Grenoble. Mwaka 1084 mtu wa dini aliyeitwa Bruno alikwenda huko na wenzake sita kuishi kwa sala na ukimya, na monasteri yao ikachukua jina la milima. Mwaka 1605 watawa wa shirika lililoanzishwa na Bruno, wale wa karibu na Paris, walipewa hati ya dawa ya mitishamba. Kuifumbua kulichukua zaidi ya miaka mia. Kutokana na hati hiyo, kinywaji cha kijani kiitwacho Chartreuse, ambacho ndicho kilichoipa rangi hii jina, kilipatikana mwaka 1764, na ndani yake mna mimea 130. Hakitiwi rangi, ukijani wake hutoka kwenye mimea yenyewe. Baadaye, karne ya 19, wakatengeneza cha manjano, kitamu zaidi. Ni kileo, na nyumbani kwetu hakiingii, ila rangi yake haina kosa.

Nimelipenda jina hili kwa sababu limezaliwa kama yetu. Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo kinachotutia rangi vidoleni tukipika. Zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Na bibi yako hakusema kijani, alisema chanikiwiti: chani ni jani, na kiwiti ndiyo kibichi ya watu wa kaskazini mwa pwani. Ungeniambia "chanikiwiti iliyotiwa manjano" ningekuelewa palepale.

Sasa, usinunue kwa jina. Muuzaji mmoja ataita hivyo kitambaa chenye ukijani mwingi, mwingine chenye umanjano. Omba kipande, kitoe nje ukitazame juani, maana taa za dukani huweza kubadili mwonekano wa rangi. Kisha nitumie kwa basi la Ijumaa, nikione kabla hujalipia mita hata moja.

Mama yako