Harambee ya Huduma ya Wagonjwa wa Nyumbani: Tunaomba Mkono Wenu

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya huduma ya wagonjwa wa nyumbani inawaalika kwenye harambee itakayofanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mara baada ya ibada ya pili. Fedha zitakazopatikana zitanunua vifaa vya kuwahudumia wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani, na zitagharamia mafunzo na nauli za wahudumu wetu wa kujitolea. Ombi letu ni hilo. Tumelitanguliza ili anayesoma kwa haraka asije akasema hakuambiwa. Mwenye nafasi na asome sababu.

Katika ushirika wetu kuna swali ambalo haliishi. Linaulizwa kwenye vikundi vya maombi, linaulizwa ofisini kwa mchungaji mlango ukiwa umefungwa, linaulizwa hata pale nje watu wakiwa wanaagana: mimi ninaishi kwa ajili ya nini? Anauliza mstaafu ambaye simu yake haiiti tena. Anauliza kijana aliyemaliza masomo akarudi nyumbani na vyeti kwenye bahasha. Anauliza mama ambaye watoto wote wameshahama. Anauliza pia mwenye kazi nzuri na mshahara wa uhakika, ambaye kila Jumatatu anaamka amechoka kabla hajatoka nyumbani. Tumewaombea, na tutaendelea kuwaombea. Lakini kwa maoni ya kamati hii, tumezoea mno kulijibu swali hilo kwa mahubiri peke yake, kana kwamba kusudi la maisha ni siri ambayo mtu atafunuliwa siku akifunga na kuomba vya kutosha. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali ili tuenende nayo. Basi yameshatengenezwa. Mengine yako mtaa wa pili, kwa mgonjwa ambaye jina lake linasomwa kwenye matangazo kila wiki, nasi tunaitikia "amina" na kuketi.

Tuwaeleze huduma yenyewe inavyofanyika, maana wengi wanadhani tunakwenda kusali kisha tunaaga.

Mtu aliyelala bila uwezo wa kujigeuza huota vidonda vya kitandani. Pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi, yaani chini ya mgongo, nyongani na visiginoni, uzito wa mwili huibana ngozi kwenye godoro mpaka damu ishindwe kupita. Mwanzo utaona ngozi imebadilika rangi tu, au utaigusa uikute ina joto na imekuwa ngumu. Ukipuuza, inapasuka, na kidonda kinaweza kuchimba hadi mfupani. Kinga inayofundishwa tangu zamani ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Wanasimama watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanashika shuka iliyotandikwa chini yake, wanahesabu pamoja, kisha wanamwinua kidogo na kumsogeza. Hawamburuti, kwa sababu kuburuta kunachubua ngozi. Mto mmoja unaingia katikati ya magoti, mwingine unawekwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka inanyooshwa vizuri, maana hata kunjo moja lililosahaulika linamuumiza mtu asiyeweza kusogea. Ndipo anaulizwa kama yuko sawa, na anasubiriwa ajibu, hata kama jibu lake linachukua muda.

Sasa fikirini kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja. Katika nyumba nyingi tunazotembelea ndivyo ilivyo. Utakuta mke ambaye naye umri umekwenda, au binti aliyeacha kazi ili amtunze mama yake. Saa mbili zile hazijui Jumapili wala sikukuu. Wahudumu wetu wanapokwenda wawili wawili, mara nyingi zawadi kubwa wanayompa huyo mtunzaji ni kumwambia akalale.

Hatutawadanganya kwamba kila anayejiunga anabaki. Harufu ya kidonda haizoeleki kwa wimbo mmoja wa sifa, na wapo waliokuja mara moja tu. Hatuwalaumu. Lakini wapo pia waliokuja wakiwa na lile swali, wakaacha kuliuliza bila mtu yeyote kuwajibu. Fundi seremala mmoja mstaafu alituambia waziwazi kwamba hajui kuhubiri, hajui kuimba, na haoni kanisa lina kazi gani naye. Tulimwomba atutazamie kitanda kimoja ambacho kilikuwa chini mno, kila anayemhudumia mgonjwa anaondoka na mgongo unamuuma. Akapima miguu ya kitanda, akanuna, akaenda kuleta msumeno. Siku hizi hatumwiti. Yeye ndiye anayetupigia simu kuuliza ni nani kalazwa wapi na kitanda chake kikoje.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 3, tunapendekeza kisomwe wiki hii majumbani. Wengi huiruka sura hiyo kwa sababu ni majina matupu. Ukiisoma taratibu utawakuta waliojenga ukuta wa Yerusalemu: kuhani mkuu na ndugu zake, mfua dhahabu, mtengenezaji wa marhamu, Shalumu pamoja na binti zake. Waashi wa kusomea hawatajwi hata kidogo. Wengine walijenga tu kipande kilichoikabili nyumba yao wenyewe. Na mwandishi hakuwaficha wakuu wa Tekoa, ambao watu wao walijenga lakini wao wenyewe walikataa kutia shingo kazini. (Sisi katika taarifa yetu hatutaandika majina ya waliokataa. Nehemia alikuwa na ujasiri kutuzidi.)

Kwa wanaoona kuwa kuchangisha fedha ni jambo la aibu kidogo kwa watu wa imani, tunawakumbusha habari ya Theodor Fliedner. Alikuwa mchungaji kijana katika mji mdogo wa Kaiserswerth, Ujerumani, alikoanza kazi mwaka 1822. Kiwanda ambacho waumini wake walikitegemea kilifilisika, na usharika ukabaki hauna uwezo wa kujiendesha. Fliedner akafunga safari hadi Uholanzi na Uingereza kuomba michango. Fedha alizipata, lakini alirudi pia na mambo aliyoyaona huko: wanawake waliowekwa rasmi kuwahudumia wahitaji, na Wakristo waliokuwa wakiingia magerezani kuwatazama wafungwa. Mwaka 1836 alifungua Kaiserswerth nyumba ya kuwafunza mashemasi wa kike kazi ya kuuguza. Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyekuja kuwa muuguzi mashuhuri, alikwenda kujifunza hapo mwaka 1851. Ndiyo maana tunasema safari ya kuomba mchango haipotezi heshima ya mtu yeyote.

Tunachohitaji ni hiki. Magodoro ya hewa ya kupunguza vidonda, yatakayokuwa mali ya kanisa na kuazimwa bila malipo kwa familia yoyote, iwe ni ya waumini wetu au la. Viti vya magurudumu. Glavu, nepi za watu wazima, shuka, mabeseni, dawa za kusafishia vidonda. Hivi huisha haraka na ndivyo vinavyotushinda. Mafunzo ya wahudumu wapya chini ya muuguzi mwenye sifa, kwa sababu upendo usiojua namna ya kumwinua mgonjwa unaweza kumvunja mkono. Na nauli. Nauli haina mvuto kwenye tangazo, tunajua, lakini ziko siku mhudumu yuko tayari na mgonjwa anasubiri, na kinachokosekana ni hiyo tu.

Kadi za ahadi zinapatikana kwa mhazini na kwa viongozi wa vikundi. Unaweza kutoa siku ya harambee, au kuahidi na kulipa kidogo kidogo. Fedha zitahesabiwa na watu wasiopungua wawili mbele ya mzee wa kanisa, kila mtoaji atapewa stakabadhi, na hesabu kamili itasomwa ibadani na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, matumizi pamoja na mapato. Hakuna atakayetajwa kwa kiasi alichotoa. Jambo hilo lilijadiliwa kwa kirefu kwenye kamati na si wote waliokubaliana, lakini uamuzi ndio huo: Bwana aliisifu sadaka ya mjane ya senti mbili, nasi hatutaki mjane wa leo abaki nyumbani kwa kuogopa kipaza sauti.

Asiye na fedha ajiandikishe muda wake. Daftari litakuwa mezani mlangoni. Andika siku uliyo na nafasi na kile unachokiweza: kufua, kupika, kuendesha gari, kusoma kwa sauti, kukaa na mgonjwa usiku. Ukiandika "lolote" tutakupigia simu mapema kuliko unavyodhani.

Neno moja kwa wanaouliza kama michango hii ina mwisho. Hema ya kukutania ilipokuwa ikijengwa, mafundi walimwendea Musa wakamwambia watu wanaleta vingi kupita mahitaji ya kazi, naye akaamuru mbiu ipigwe kambini waache kuleta. Habari hiyo iko katika Kutoka 36. Orodha yetu ya vifaa imeandikwa na itabandikwa ubaoni kuanzia Jumapili hii. Vikitimia, tutatangaza madhabahuni, na kadi zitakazokuwa bado mikononi mwenu mtazirudisha kwa mhazini zikiwa tupu.

Wenu katika huduma,
Kamati ya Huduma ya Wagonjwa wa Nyumbani