Kompyuta mpya, mbona maandishi yamefifia?

Mteja anayetuletea kompyuta mpya mara nyingi huanza kwa kuisifu ile ya zamani. Huwa tunamsikiliza mpaka amalize, maana humo ndimo tatizo lake lilimo. Prosesa imeongezeka nguvu, kioo kimekuwa kikubwa, lakini maandishi hayajatulia kama alivyozoea na macho yanamchoka mapema. Tunamwamini. Katika karakana yetu malalamiko ya namna hii kwa kawaida huishia kwenye monita, kebo na mipangilio, huku kompyuta yenyewe ikiwa haina kasoro.

Tuanze na monita za chogo, zile nene za zamani. Nyuma ya kioo chake mlikuwa na bomba lililorusha elektroni kwenye rangi za fosfori, mstari baada ya mstari, mpaka picha ikakamilika. Bomba lile halikufungwa na idadi moja ya nukta. Ukililetea picha ya nukta 640 kwa 480 litaichora ijae kioo, ukililetea ya 1024 kwa 768 litaichora pia, na zote zitapendeza. Monita bapa haina uhuru huo. Pikseli zake, yaani nukta zinazounda picha, zimehesabiwa kiwandani: monita ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, haziongezeki wala hazipungui. Ukiipa picha ya 1024 kwa 768 inalazimika kuinyoosha, na kwa kuwa hesabu haigawanyiki sawasawa, nukta moja ya picha huangukia pikseli moja na kipande. Hapo ndipo herufi zinapopata ukungu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachotazama ni kama kompyuta inatuma picha kwa kipimo halisi cha monita, yaani idadi ya pikseli zake. Wengi hukipunguza ili herufi zikue. Usifanye hivyo. Acha kipimo halisi, kisha ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya mfumo, asilimia 125 au 150. Herufi zitakua na ukali wake utabaki.

Kebo ndiyo mkosaji wa pili, na hukaa muda mrefu bila kushukiwa. Ile ya VGA yenye pini 15, iliyokuja mwaka 1987, hubeba picha kwa mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Kwa chogo ilifaa kabisa, kwa sababu bomba nalo lilifanya kazi kwa mawimbi hayo hayo. Monita bapa hufanya kazi kwa tarakimu, hivyo kompyuta inageuza tarakimu kuwa mawimbi, nayo monita inayageuza tena kuwa tarakimu. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi herufi huota vivuli na mistari myembamba hutetemeka. Ikiwa mashine yako ina tundu la tarakimu kama DVI, HDMI au DisplayPort, tumia hilo. Ikiwa ina VGA tu, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kilichopo kwenye monita huku ukurasa uliojaa maandishi ukiwa wazi. Kazi ya sekunde chache, na tumeona watu wakifurahi nayo kuliko walivyoifurahia monita yenyewe.

Halafu kuna hezi, yaani picha inachorwa upya mara ngapi kwa sekunde. Chogo kwenye hezi 60 kilimetameta na kuumiza kichwa. Waliojua walikiweka 85. Monita bapa taa yake haizimiki kati ya picha na picha, kwa hiyo hezi 60 zinatosha kwa kuandika. Lakini tunapokea watu walionunua monita ya hezi 144 na kuitumia miezi mingi ikiwa kwenye 60, kwa sababu hakuna aliyewaambia wafungue mipangilio. Wengine wana kioo cha 3840 kwa 2160 ila tundu la HDMI kwenye kompyuta ni la toleo la 1.4, ambalo kwa picha kubwa hivyo huishia hezi 30. Kipanya huwa kizito kana kwamba kinaburutwa kwenye tope. Na kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, hakikisha kebo imechomekwa kwenye kadi. Ikichomekwa kwenye tundu la madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ile kadi uliyoigharamia haifanyi kazi ya kukuonyesha chochote.

Kuna mahali ambapo mzee anashinda kwa haki. Nukta ya chogo huwaka kufumba na kufumbua kisha huzima, ndiyo maana kitu kinachokimbia kwenye mchezo huonekana wazi. Kioo bapa hushikilia kila picha mpaka inayofuata ifike, na jicho linalofuata mwendo huona ukungu. Wapo wanaotunza monita kama Sony GDM-FW900 ya inchi 24, iliyofikia 2304 kwa 1440 kwa hezi 80, na tunawaelewa vizuri.

Ukubwa nao huwachanganya watu. Chogo cha inchi 17 kilionyesha kama inchi 16 tu, sehemu nyingine ilifichwa na fremu, lakini umbo lake la 4 kwa 3 lilikipa kimo cha inchi 9.6 hivi. Monita pana ya inchi 19 yenye umbo la 16 kwa 9 ina kimo cha inchi 9.3. Ukihisi unaona mistari michache ya barua kuliko zamani, hujakosea.

Kuhusu kasi, Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1982, ilikuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu, na kompyuta yenye gigabaiti 8 inazo mara 131,072 ya hizo. Bado ile iliwaka na kuwa tayari ndani ya sekunde chache, kwa vile programu yake ya kuanzia ilikaa kwenye chipu. Kama mashine yako bado inatumia diski ya kuzunguka, kuweka SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ndiyo badiliko utakalolihisi kuliko yote.

Tafadhali usifungue chogo mwenyewe. Bomba lake hutumia zaidi ya volti 20,000 na linaweza kubaki na umeme hata likishachomolewa ukutani. Na kompyuta iliyokaa stoo miaka mingi usiiwashe kwanza. Baadhi ya zile za miaka ya 1980 na 1990 zilitiwa betri ya kuchajiwa iliyochomelewa kwenye madabodi. Ikivuja, hula njia za shaba kimyakimya. Tuletee kompyuta tuikague na kung'oa betri hiyo kabla umeme haujapita.

Ukija kwa tatizo la picha, lete kompyuta, monita na kebo ile ile unayoitumia nyumbani. Tukijaribu kwa kebo yetu picha inaweza kutokea safi kabisa, ukarudi nyumbani ukakuta ukungu unakusubiri.