Salamu za Idi kutoka Ujiji, Juni 2024

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu, jamaa na majirani wa zamani mlioko Dar, Bujumbura, Uvira na kwingineko, Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie swala na vichinjwa vyetu, awarudishe mahujaji wetu salama, na waliotangulia mbele ya haki awape kauli thabiti.

Idi hii imetukuta Ziwa Tanganyika limefungwa. Tangu 15 Mei hakuna kuvua mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, na hilo hatulipingi. Ila mjue kwamba kwenye mwalo wa Kibirizi mitumbwi imepandishwa nchi kavu, vijana wanashinda kwenye bao, na dagaa waliobaki wanapimwa kama dhahabu. Bei ya mbuzi sisemi. Nyumba zilizokuwa zikichinja kila moja mbuzi wake, mwaka huu zimechanga watu saba ng'ombe mmoja. Alhamdulillah, nyama ilifika kila mlango.

Mtoto wa marehemu dada yangu amekuja kusherehekea na sisi akitokea UWC East Africa, Moshi. Wengi mmekuwa mkiniuliza ni shule gani hiyo ya Wazungu. Si ya Wazungu. Ilianza 1969 kama International School Moshi, na 2019 ikajiunga na UWC, yaani United World Colleges, umoja wa shule za nchi mbalimbali ambao chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Shabaha yao wanasema ni elimu iunganishe watu, mataifa na tamaduni kwa ajili ya amani. Ada yake msiiulize. Bila ufadhili, ukoo mzima ungeuza viwanja na bado tusingeifikia. Hayo ya kuunganisha mataifa nilikuwa nayachukulia ni maneno ya kwenye kalenda.

Sasa sikilizeni. Tumemaliza pilau, binamu zake wako barazani na simu zao. Yeye akakusanya masinia, akakunja kanzu mpaka magotini, akachuchumaa uani kusugua ukoko wa sufuria kubwa kwa jivu na mchanga. Shangazi zake wakapiga kelele: "Acha baba, hiyo kazi ya dada zako!" Akacheka, akasema bwenini analala chumba kimoja na Mkristo wa Rwanda na Mhindu wa Nairobi, na hakuna dada wa kuwaoshea.

Nikamkumbuka mama yake. Ndiye aliyempangia begi safari ya kwanza, akatia chupa ya mawese na dagaa wa kukaanga, ana wasiwasi mtoto atalala njaa ugenini. Likizo ya kwanza ilipofika alikuwa ameshazikwa. Nilishindwa kukaa pale uani, nikaingia ndani.

Jamani, Ujiji hii ni ya nani? Mmanyema, Mbembe, Mrundi, Mwarabu, wote walifika wakapokewa na Waha. Leo mtu ambaye babu yake alivuka ziwa hilihili anamwita jirani yake mkimbizi, tena kwa dharau. Ndugu wa tumbo moja wamesimama safu moja kwenye swala ya Idi na hawakupeana mkono, kisa mirathi ya kiwanja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika hija yake ya kuaga alitufundisha kwamba Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Hatukuhitaji kumpeleka mtoto Moshi ili alijue hilo! Wazazi, watoto wa kiume washike ufagio, wa kike washike daftari, na anayenuna kwa ajili ya urithi akamgongee nduguye mlango kabla nyama haijaisha kwenye friji.

Mungu atufikishe Idi nyingine tukiwa na afya na riziki ya halali. Kijana atarudi shule Agosti. Mwenye chochote cha nauli amtumie yeye mwenyewe kwenye simu yake, msipitishe kwangu, maana mimi nina madeni. Wa Bujumbura, nyama yenu nimeikausha. Atakayevuka kwanza apite kuichukua.